Grafu Iliyopanda Kichwa Chini

Saluni nilisikia eti mwanangu huko ofisini anapindua milima. Roho haikutulia. Akili yangu ya shule ya msingi ikaniambia: mtoto kaingia uchawini. Kumbe afadhali uchawi.

Wanauza magodoro. Mwanangu, ambaye wenzake humwita Fundi Maneno, aliona mauzo yao yamelala na bosi anataka grafu. Bosi huyo hutazama mstari tu; namba humpa usingizi. Basi Fundi akabuni muundo wa grafu wenye sifuri juu na namba kubwa chini, zimefifia kama aibu. Mauzo yakishuka, mstari unapanda! Akautia kwenye flashi, akaanza kuzunguka meza kwa meza.

"Kaka, yangu imeanguka kama mlevi."

"Mauzo hayaanguki, dada. Hutazamwa vibaya. Hebu nipishe kiti."

Kila kompyuta aliibandikia muundo ule, akauweka ndio wa kuanzia: grafu mpya yoyote itoke hivyo yenyewe. Malipo? Kila mmoja ampe mteja wake mmoja mnono. Wakampa, naye wateja hao akawauzia magodoro kweli.

Dada Mpole wa meza ya pembeni akamwambia, "Na kompyuta ya chumba cha mikutano, kaka yangu? Tusije tukaumbuka."

"Umenena!" Akaiwekea kwa mkono wake mwenyewe.

Ikafika siku ya mkutano wa kumtafuta mkuu wa mauzo. Mimi nyumbani nilishawatangazia majirani, hata mwendo nimebadilisha. Bosi akasema kila mtu alete namba zake, grafu zichorwe palepale kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano. Za wenzake zikapanda. Ya mwanangu, ambaye ndiye pekee aliyeuza, ikaporomoka hadi sakafuni.

"Wewe magodoro unauza au unayalalia?" bosi akauliza.

Fundi Maneno akayapekua maneno yake yote. Aseme grafu imepinduliwa? Na nani?

Cheo akapewa Dada Mpole. "Pole, kaka," akamnong'oneza. "Kesho nirudishie mteja wangu."

Jioni akaniambia, "Mama, nilishinda mimi."

"Ulishinda kwa kuanguka?"

Kwa hiyo, wanangu:

Usichukue grafu ya mtu kabla hujaona sifuri imekaa wapi.

Usimpishe mtu kiti cha kompyuta yako kwa sababu anaongea vizuri.

Usitege mtego kwenye njia unayopita mwenyewe.

Na akina mama, msitangaze cheo mtoto hajakikalia. Mimi dukani siku hizi napitia uchochoro wa nyuma.