Kamati Iliyougeukia Ukuta

Ofisi ya Uratibu wa Ufahamu, tawi la Konde, iliwatangazia wananchi wote kwa kipaza sauti kwamba kuanzia sasa fizikia ya kwanta itasomwa bila hesabu. Sababu ilikuwa nzito na ya kitaalamu: mwalimu wa hesabu alihamia Unguja, na hesabu zikaondoka naye.

Tangazo aliliandika Bwana Haroub, katibu wa kamati ya usaili wa wanafunzi. Alilisoma mwenyewe akaona limekaa vizuri. Kwanta hakuijua, lakini cheo chake hakikumtaka aijue; kilimtaka airatibu.

Katika darasa hilo ilibaki nafasi moja, na aliyeiomba ni Ruweida binti Zubeir, msichana mwenye usonji. Skuli nyingine zilikwisha kumrudisha kwao kwa kosa la kuziba masikio kengele ikilia. Akikosa hapa, ni kukaa nyumbani basi. Haroub hakuwa na chuki naye. Alikuwa na Kifungu cha Tatu tu, alichokitunga mwenyewe: mtahiniwa asiyemtazama msemaji machoni atahesabiwa kuwa hasikilizi.

Siku ya usaili Ruweida aliutazama mguu wa meza.

"Binti, niangalie," alisema Haroub kwa upole wa kiofisi.

"Nikikuangalia sikusikii."

"Na usiponiangalia?"

"Nnakusikia. Na feni nnaisikia. Na tumbo lako."

Bi Shamima, mjumbe, akakohoa. Haroub akatamka kwa kumbukumbu za kikao kwamba mtahiniwa ameonesha dalili za kusikiliza zisizoidhinishwa.

Mama yake Ruweida, Bi Asya, aliyetoka eda juzijuzi, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwanangu si mkaidi, Bwana Katibu. Marehemu babake akimsomesha wamepeana migongo, wanachambua karafuu kule Mtambile. Huyu anauliza huku, huyu anajibu kule. Hizo kwanta zenu zote kazipata mgongoni kwa babake."

Haroub aliona hatari. Wazo la raia haliwezi kutekelezwa likiwa bado la raia. Kamati ikatoka, ikanywa chai kwa vitumbua, ikarudi na Utaratibu wa Usaili kwa Njia ya Mgongo, uliobuniwa na kamati. Wajumbe wakageuza viti wakaukabili ukuta. Ruweida akasogeza chake mpaka migongo ya viti, chake na cha Haroub, ikagusana.

"Haya," Haroub aliuambia ukuta, "chembe ni nini?"

Sauti ya Ruweida ikaja, tulivu, haina haraka.

"Chukua karafuu jamvini. Imekauka au haijakauka?"

"Sijui mpaka niivunje."

"Ukiivunja ikilia ‘ka’, imekauka. Lakini ilikuwa imekauka tangu hujaivunja. Jibu lilikuwemo, wewe tu hukulijua."

"Kwa hiyo chembe ni kama karafuu," alihitimisha Haroub, akifurahi kuumaliza muhtasari mapema.

"Hapana. Watu wote husema hivyo. Chembe ukiiuliza iko wapi, jibu halikuwemo. Linakuja pale unapouliza. Baba alinambia nisiichore kama kijiwe. Mimi huiona kama harufu ya karafuu, imejaa chumba kizima, halafu ghafla iko kwenye pua moja tu."

Haroub hakuwa na uso wa kuukunjia ndita, basi akajikuta anasikiliza. Akaona kama chumba kimejaa harufu ya karafuu.

"Na kabla ya hapo, ilikuwa kwenye pua ya nani?" aliuliza, kasahau kwamba yeye ndiye mtahini.

"Hilo swali halina jibu. Si kwamba limefichwa. Halipo."

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi Abdulnasir, kutoka makao makuu, akaikuta kamati nzima iko kama watoto waliotiwa adabu.

"Asalaam alaykum. Bwana Haroub, nakusalimu hunitazami?"

"Waalaykumu salaam, Mheshimiwa. Nnakusikia. Kikao hakijafungwa, nikigeuka utaratibu unaharibika."

"Kifungu cha Tatu ulikileta wewe, nikakitia saini. Asiyetazama hasikilizi. Kamati isiyosikiliza ya nini? Naifuta leo."

Haroub akang'ang'ania kiti. "Nilikuwa nasikiliza, Mheshimiwa. Kuliko siku zote."

"Thibitisha."

Akaeleza karafuu, jibu lisilokuwemo, harufu na pua. Hakukosea popote, na hilo lilimtisha kuliko Mkurugenzi.

"Kumbe mtu huweza kusikiliza bila kutazama?"

"Huweza."

"Wewe peke yako?"

Haroub hakugeuka. Nyuma yake kiti cha Ruweida hakikutikisika.

"Na huyu binti," alisema. Kifungu cha Tatu kikafia hapo, mikononi mwa mzazi wake.

Bi Asya akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Angekuwepo babake," alisema, asimwambie mtu.

Ruweida alianza masomo, na kengele ikafungwa kitambaa. Haroub alikirudisha kiti chake kama zamani, kwa heshima ya ofisi. Wiki ileile walikuja watu wa Gando, paa la skuli yao linavuja. Aliwatazama machoni, mmoja mmoja, kwa makini makubwa, asielewe kitu. Mzee Msellem, aliyewaongoza, naye habari za usaili ule zilikwisha kumfikia, akavua kofia.

"Bwana Katibu," alisema kwa adabu, "tunakuomba utugeuzie mgongo. Tuna shida ya kweli."