Kikombe cha Pili cha Uji

Wenzangu wa chuo, barua hii isomeni mkiwa peke yenu. Leo nimeaibika mpaka natamani kuomba uhamisho.

Kamati ya kijiji ilinipa kazi mimi, bwana afya (bado mgeni hapa milimani): nikadirie mtu akipanda kutoka shamba la ujamaa bondeni mpaka kijijini anaunguza kalori ngapi. Wapalizi wa shamba hilo, wote kina mama, hupewa kikombe kimoja cha uji, sasa wanaomba cha pili. Kitabu chetu kinasema hesabu hatua, pima mapigo ya moyo, soma jedwali. Basi saa sita mchana nikaanza kupanda, sina mzigo ila daftari, nahesabu kwa sauti.

Msituni ukungu ukashuka. Sikuona hata viatu vyangu. Nilipofika mia tatu na kumi nikasikia hatua nyuma yangu. Nikasimama. Zikasimama. Nikaenda. Zikaja. Kitu kikakohoa, taratibu, kama mtu anayengoja jambo.

Jamani, niliogopa. Walishaniambia msitu ule una mizimu (nikawacheka, msomi mzima). Mapigo yangu hayakuhesabika tena. Mia nne. Kikohozi kingine, karibu na shingo yangu.

"Shikamoo," nikatamka, bila kugeuka.

"Marahaba," ukungu ukajibu. "Tangu bondeni nangoja unisalimie."

Nikatimua mbio. Daftari likabaki huko huko.

Alasiri, mbele ya kamati, nikajikaza (hesabu nusu nimezibuni): "Kupanda ni kazi nyepesi. Kikombe kimoja kinatosha."

Akaingia Bibi Hiza, mkubwa wa wapalizi, tita la kuni mgongoni, daftari langu mkononi.

"Kijana huyu akisimama nami nasimama, nasema sasa atanisalimia. Ananipa kisogo tu. Mwisho kanisalimia, kanikimbia."

Sauti ilikuwa ile ile. Nikatamani ardhi ipasuke.

Akatua tita miguuni pangu. "Hizi ndizo kuni za huo uji. Kila siku tukitoka kupalilia tunapanda nazo. Nyanyua, halafu waambie ni kazi nyepesi."

Nikainama, nikavuta. Tita halikutikisika. Kilichotikisika ni suruali, ikachanika nyuma, nami nikakaa chini mbele ya kamati nzima.

"Andika vikombe viwili," mwenyekiti akamwambia karani, amegeukia ukutani, mabega yanamcheza.

Uji ulipoiva, Bibi Hiza akaniletea kikombe changu mwenyewe, kimejaa pomoni.

"Kunywa, mwanangu. Hapa kijijini hakuna dhaifu kama wewe."

Nimekunywa. Msinicheke, ameniahidi na cha kesho.