Hotuba ya Shangazi na Vijisanduku Vyangu

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi kaja na daftari. Ijumaa anaagwa shuleni, miaka thelathini na minne ya ualimu. Anataka nimchapie hotuba. Ombi lake moja tu: herufi kubwa. Macho yamepungua nguvu, na hataki walimu wenzake wajue. Kanichagua mimi! Si Shemeji, mume wa dada yangu, fundi kompyuta mjuaji. Lakini herufi kubwa tu? Haitoshi. Shangazi yangu anastahili mwandiko wa kifalme, wenye mikia.

Jumanne, 5 Machi
Kompyuta yangu inatumia programu huria. Maana yake niko huru. Nimepakua kifurushi cha fonti mia sita, yaani mitindo ya herufi. Hakifunguki, diski imejaa. Nikakuta folda ya fonti za mfumo, majina hata siyajui. Nani kazialika? Mashine ikadai nenosiri, ikauliza kama nina hakika. Nina hakika! Nimezifuta zote, nikaiwasha upya.
Kila neno limekuwa vijisanduku. Menyu, saa, hata jina langu.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia Shemeji, nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Akasema huyo rafiki afungue menyu, achague Mipangilio. Nikamjibu kwamba rafiki anaona sanduku, sanduku, sanduku. Kisha akauliza rafiki kafuta nini. Nikakata simu.
Mipangilio ina herufi kumi. Nikatafuta vijisanduku kumi, nikabonyeza. Printa ikaamka, ikatema kurasa nne za vijisanduku. Vimenyooka vizuri, hata hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekaa na daftari. Aibu: tangu Jumatatu sijaisoma hotuba yenyewe. Ukurasa wa tatu Shangazi anamtaja mtoto aliyefika darasa la nne bila kujua kusoma. Kila jioni alimkalisha jikoni kwake, akamchorea herufi kubwa sakafuni kwa mkaa. Anasema mtoto yule ndiye aliyemfundisha ualimu.
Mtoto yule ni mimi.
Halafu nikatafuta kalamu nene na karatasi. Nimeiandika yote kwa mkono, kurasa kumi na tisa. Vidole vimekufa ganzi.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi kasoma bila miwani, bila kukwama. Alipofika kwa yule mtoto aliinua macho, akanitafuta mpaka akanipata. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Baadaye nikamweleza kwamba kuandika kwa mkono ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Akanishika kidevu kama zamani.
“Herufi zako bado zinalalia kushoto, mwanangu.”
Vumbi jingi katika ukumbi ule, likaniingia machoni. Shemeji naye akaninong'oneza kwamba yuko tayari kuitengeneza kompyuta ya yule rafiki.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji karudisha kila kitu kwa dakika saba. Hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi. Kanisihi nisifute nisichokijua. Nimeitikia kwa moyo wote, nikamsindikiza hadi mlangoni.
Sasa nafikiri. Mwandiko wangu umeliza ukumbi mzima. Nitautengeneza uwe fonti, dunia nzima iutumie! Nafasi tu ndiyo haba. Kuna folda kubwa ya mfumo hapa, inaitwa lib. Sijui kazi yake. Basi haina kazi.
Nimebonyeza Futa.