Vazi la Kompyuta ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

…na ndiyo maana nasema sijaona mke mwenye bahati kunizidi. Leo tena ameniamsha kwa chai. Chai! Kisha akaketi kwenye kompyuta kuchora ramani ya wodi ya wazazi. Kazi yake kubwa ya kwanza. Ijumaa adhuhuri iwe mezani kwa mganga mkuu, la sivyo kazi atapewa mchoraji mwingine.

Ila kompyuta imekuwa kobe. Anavuta mstari, mstari unafika baadaye. Ajabu, maana tangu tuoane nimeitunza kuliko kitu chochote humu ndani. Sanduku lake nimelifumia vazi la uzi wa rangi ya waridi, limefunika juu, ubavuni na mgongoni. Tena nimempangia picha mia sita za harusi yetu. Zinajifungua zenyewe kila anapoiwasha, zinapita pembeni mwa kioo kutwa nzima.

Jioni akapita wifi, dada yake mkubwa. Akasema kompyuta yake ya ofisini ni ya kisasa, prosesa, yaani ubongo wake, ina viini vinane, inafanya kazi nane kwa mpigo. Ya kaka yake ina viwili tu. Akanitazama kana kwamba vile sita nimevila mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu! Muuzaji wa vifaa alisema huenda memori imejaa. Nikanunua flashi kubwa kuliko zote dukani, nikaichomeka, nikangoja. Kobe yule yule.

Nikarudi kulalamika. Akanieleza kwamba memori ni meza ya kufanyia kazi, flashi ni kabati. Nimeongeza kabati, meza bado imejaa. Akauliza kuna nini juu ya hiyo meza. Harusi yangu, nikasema. Akanishauri niifunge. Niifunge! Huyo hajaoa.

Nilipomgusia Mpenzi wangu habari za picha, alitabasamu. "Kompyuta ikichelewa kufunguka, ninakutazama wewe."

Nimelia kidogo. Picha zinabaki.

Jumatano, 5 Machi

Sanduku lina joto. Feni ya ndani inanguruma. Bila shaka ni vumbi! Nimeshinda nikifuma tabaka la pili, zito, lenye vifungo nyuma. Limekaa vizuri mno.

Jioni kompyuta ikazima ghafla. Kazi ya tangu asubuhi ikaenda nayo. Mpenzi wangu akafumba macho, akashusha pumzi, akaniuliza kama nimekula. Kama nimekula! Ningeolewa naye tena papo hapo, na nguo hizi hizi za jikoni.

Lakini nimemwona akizitazama karatasi zake za vipimo. Hakuzigusa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemeza kiburi nikampigia wifi. Akaja na fundi wa ofisini kwao. Fundi akaligusa sanduku, akautoa mkono haraka. Akafungua vifungo, kimoja kimoja. Akaeleza kwamba prosesa ikifanya kazi inachemka, kwa hiyo hewa lazima ipite. Ikikosa hewa inajipunguzia mwendo isiungue, ikizidiwa inazima. Na juu ya joto lote hilo, viini viwili maskini vinabeba ramani na harusi kwa pamoja. Akauliza nani amelivisha.

Wifi akanigeukia.

"Mimi," akasema mume wangu. "Niliogopa vumbi."

"Kaka, wewe na kufuma wapi na wapi?"

"Nilijifunza."

Wifi akacheka mpaka akakaa sakafuni. Fundi akaongeza memori, akazifunga picha. Mpenzi wangu akavuta mstari, na mstari ukaja! Wifi hakuondoka. Alimsomea kaka yake vipimo hadi wakamaliza. Nami kurasa za nyuma nilikuwa namwita Pilipili humu ndani ya shajara! Nimempa kipande kikubwa cha nyama.

Ijumaa, 7 Machi

Ramani imefika kabla ya adhuhuri. Mganga mkuu ameikubali! Mpenzi wangu amenizungusha sebuleni mpaka stuli ikaanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Moyo umejaa shukrani, hauna pa kuziweka. Kwa mume aliyejifanya mfumaji kwa ajili yangu. Kwa fundi. Lakini zaidi kwa wifi, na asante ya mdomo haitoshi.

Nimeifikiria kompyuta yake. Viini vinane, vyote uchi katika vumbi la ofisi! Nimeanza kuifumia vazi. Uzi wa sufu, tabaka tatu, maana ile ni ya kisasa, itastahimili. Na memori yake, wifi mwenyewe alijisifu, haijajaa hata nusu. Picha mia sita zitaenea bila kubanana.

Nimempigia simu sasa hivi kumwambia tutamtembelea ofisini. Ameuliza tutakuja na nini. Nimecheka tu. Kabla mwezi huu haujaisha, wifi yangu, utatuona mlangoni!