Kampuni ya Uwepo

Mafuta alikwenda kwenye mkutano wa chama kwa ajili ya soda. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye alipenda kusimulia kwamba alisukumwa na uchungu wa nchi. Uchungu gani! Alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kreti, akamaliza chupa ya kwanza, ya pili akaificha chini ya kiti, na macho yalikuwa kwenye ya tatu wakati Mheshimiwa aliposhuka jukwaani kusalimia wajumbe.

Mheshimiwa alikuwa amekaa bungeni miaka ishirini. Watoto waliozaliwa mwaka ule alioapishwa sasa wananyoa ndevu. Alipita katikati ya viti akigawa mkono na tabasamu, akafika kwa fundi baiskeli, mjumbe wa tawi la sokoni, akamkumbatia bega.

"Mzee wangu wa siku nyingi! Mama nyumbani hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa," fundi baiskeli akajibu taratibu. "Tangu tumzike mwezi wa tatu, hajalalamika hata siku moja."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na soda mpaka ikamtokea puani, na mtu huyo alikuwa Mafuta. Wengine waliona aibu. Yeye aliona biashara. Mheshimiwa alikuwa na gari, walinzi, na suti za kila rangi. Alichokosa ni kuwepo. Na kitu unachokikosa wewe, Mafuta huwa anacho cha kukuuzia, hata kama hana.

Kwa wasiomfahamu: jina hilo hakupewa kwa unene. Alikuwa mwembamba kama ufito. Walimwita Mafuta kwa sababu ukimshika hapa anatokea kule, na maneno yake yanateleza kooni kabla hujayatafuna. Alishawahi kumuuzia mtu kiwanja cha jirani wa mtu huyo huyo, wakiwa wamesimama juu ya kiwanja chenyewe.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mheshimiwa, mguu juu ya mguu.

"Mheshimiwa, unaumwa."

Mheshimiwa akajishika kifua. "Nani kakwambia?"

"Unaumwa kutoonekana. Kura za mchujo ni baada ya miezi mitano. Wajumbe ni mia mbili na kumi. Katika miezi mitano hao watafiwa, watalazwa, watapata wajukuu, wataozesha mabinti. Wewe utakuwa wapi?"

"Bungeni."

Mafuta nusura aseme "umelala," akalimeza neno. "Ukilijenga taifa, Mheshimiwa! Ndiyo maana nikaanzisha Kampuni ya Uwepo. Nina wafanyakazi arobaini. Kazi yao ni kuwepo kwa niaba ya wakubwa. Wanajua kukaa msibani, wanajua kubeba mtoto mchanga, wanajua kulia kwa viwango vitatu."

"Viwango vitatu?"

"Kilio cha jirani, kilio cha ndugu, na kilio cha mtu aliyegombana na marehemu wasiwahi kupatana. Hicho cha tatu kinachosha, lakini kwako nitakiweka bure."

Mheshimiwa akaegemea kiti. "Kwa hiyo mimi nitakuwa nimekwenda?"

"Utakuwa umekwenda bila kutoka hapo ulipokaa."

Katika miaka ishirini ya siasa Mheshimiwa hakuwahi kusikia sentensi tamu kama hiyo. Wakakubaliana pale pale. Posho kila wiki, na mchujo ukishapita salama, Mafuta awe katibu wa kampeni na akabidhiwe nyumba ya chama iliyo nyuma ya ofisi: vyumba vitatu, maji ndani, mlango wa mbele na wa nyuma.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomtoa jasho. Yeye, mkewe na watoto wawili walikuwa wamebanana katika vyumba viwili vya uani kwa mama mkwe wake, muuguzi mstaafu, mwanamke ambaye akikutazama unajikuta unataja umri wako wa kweli. Jioni ile Mafuta aliingia akipiga mluzi, akatangaza kwamba mchujo ukipita watahamia nyumba yao wenyewe.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mkwe, hii ni nyumba ya ngapi kuniahidi?"

"Hii ni ya kweli, mama."

"Sawa. Mchujo ukipita na nyumba ipo, mtahama na baraka zangu. Ukipita na nyumba haipo, utahama wewe. Mwanangu na wajukuu watabaki."

Mafuta akamtazama mkewe amtetee. Mkewe akatazama mchele. Na hapo nisimsingizie: aliogopa kweli. Alimpenda mkewe. Ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

Kwa hiyo akaanza kazi kwa bidii. Wafanyakazi arobaini hawakuwepo, hilo umeshalijua, basi akaamua kuwepo mwenyewe. Siku ya kwanza alikuwa na harusi asubuhi na msiba mchana. Harusini alichelewa, akala haraka haraka, akakimbilia msibani hotuba ikiwa bado mdomoni. Akasimama mbele ya waombolezaji, akakohoa kidogo, akawatakia maisha marefu yenye furaha na watoto wengi. Shemeji wa marehemu alimsindikiza mpaka barabarani, na hakumsindikiza kwa heshima.

Siku ya pili akaenda kumtazama mgonjwa, akasinzia kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyehamia kwenye benchi.

Siku ya tatu, Mafuta akiwa amejilaza uani anauguza mbavu, akamwona mama mkwe wake amekaa barazani, mikono mapajani, anatazama ukuta. Mwanamke mzima, mwenye nguvu zake, hana wa kumchoma sindano! Mafuta akainuka taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, mama. Kuna shirika la wastaafu. Linawatafuta watu waliotulia kama wewe, watembelee waliofiwa na wagonjwa. Nauli inatoka. Ukifika unasema tu umeleta salamu za Mheshimiwa, maana ndiye mlezi wa shirika."

Mama mkwe akainamisha kichwa upande. "Shirika la wastaafu."

"La wastaafu, mama."

"Haya. Nipe anuani ya kwanza."

Jamani, raha aliyoipata Mafuta! Kila asubuhi alimpa mama mkwe majina na nauli, posho iliyobaki ikabaki mfukoni mwake. Jioni alimuuliza, "Umekwenda?" Mama mkwe alijibu, "Nimekwenda." Basi. Hakuuliza zaidi, kwa sababu mpira ulikuwa umeanza. Hakujua kwamba huko alikokwenda mama hakuwa anatoa salamu na kuondoka. Alikuwa anavua viatu, anajifunga kanga, anaosha masufuria na wenzake. Alimkanda miguu mama mzazi wa mwenyekiti wa tawi. Alimbeba mwendesha pikipiki aliyevunjika paja, yeye na wanawake wengine watatu, mpaka chooni na kumrudisha, na njia nzima akawa anamgombeza kwa mwendo wake. Kwa fundi baiskeli alikwenda mara sita, na hakuna aliyemtuma hata moja kati ya hizo.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo Mheshimiwa akaingiwa na mashaka. Akamwita Mafuta. "Nataka ushahidi."

Mafuta hakupepesa. Akampigia mwenyekiti wa tawi, akaweka sauti ya juu. "Mwenyekiti, mgeni wetu alifika nyumbani kwako?"

"Alifika!" sauti ikajaa ofisi. "Mwambieni tunashukuru sana. Ameosha hadi masufuria! Mama yangu anamuulizia kila siku."

Mafuta akakata simu, Mheshimiwa akasimama dirishani, mikono nyuma, uso umelainika. "Nimeosha masufuria," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi. Pamoja na cheo changu chote."

"Wewe ni mtu wa watu, Mheshimiwa."

"Nilikuwa sijui kama niko hivyo," Mheshimiwa akasema, na machozi yalimlenga kweli.

Siku ya mchujo wajumbe walijaa ukumbi wa shule. Mafuta alikaa mstari wa mbele, shati jipya, akilini tayari ameshapanga kitanda kikae chumba gani. Msimamizi wa uchaguzi akasoma majina ya wagombea. La kwanza, Mheshimiwa: makofi ya adabu. La pili, mkandarasi mmoja aliyejenga daraja linaloishia hewani: makofi ya wapwa wake. Kisha msimamizi akarekebisha miwani.

"Wa tatu ni muuguzi mstaafu. Alichukua fomu siku ya mwisho, amedhaminiwa na matawi yote."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia mama mkwe, amevaa sweta lake la zamani la zamu ya asubuhi, mkoba kwapani. Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipiga vigelegele, yule mwendesha pikipiki akapunga mkongojo wake juu. Mafuta peke yake ndiye aliyebaki amekaa.

Kila mgombea alipewa dakika tatu. Mheshimiwa alitumia kumi na mbili. Alieleza barabara, alieleza visima, kisha akapandisha sauti. "Na ninyi ni mashahidi! Miezi hii mitano nilikuwa nanyi misibani! Nililala na wagonjwa wenu! Nimeosha masufuria yenu kwa mikono hii!" Akaionyesha. Pete tatu zikameremeta.

"Sufuria lipi?" akauliza mwanamke mmoja kutoka katikati.

"Masufuria... mengi."

"Kwangu ulikuja msiba wa nani?"

Mheshimiwa akamgeukia Mafuta. Mafuta akatazama dari. Hakujua. Mama mkwe alijua, lakini jioni zote zile nani alimuuliza?

"Wa... mpendwa wetu," Mheshimiwa akasema.

"Mimi sijafiwa. Nilijifungua."

Msimamizi aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Kicheko kilipotulia, ikawa zamu ya mama mkwe. Alisimama, akautazama ukumbi kama wodi.

"Mimi sina maneno mengi. Mnanijua, nawajua. Wewe pale, inua huo mguu, nilikwambia usiuning'inize. Zahanati yetu haina dawa wala kitanda cha kujifungulia, na nimechoka kuwaambia ndugu zenu wavumilie. Nikipita nitakwenda kulisema hilo kule bungeni mpaka wanichoke. Kama hamnitaki, bado nitakuja Jumanne kumtazama mama wa mwenyekiti." Akakaa.

Zikapigwa kura. Mkandarasi arobaini. Mheshimiwa kumi na tisa. Mama mkwe mia moja hamsini na moja.

Mheshimiwa hakuamini mpaka aliposomewa mara ya tatu. Ndipo akamfuata Mafuta mlangoni, akamkwida shati. "Wafanyakazi wako arobaini wako wapi?"

"Mheshimiwa, alikuwa mmoja tu," Mafuta akasema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alimwambia mteja ukweli. "Na ndiye huyo."

Alijificha sokoni mpaka jioni, ndipo akarudi nyumbani, mfuko wa shati umebaki mkononi mwa Mheshimiwa. Uani alikuta mkokoteni umepakiwa godoro, meza na vyombo. Mkewe alikuwa anakaza kamba.

"Mnahama? Mnakwenda wapi?"

"Nyumba ya chama. Anakaa katibu wa kampeni."

"Katibu ni nani?"

Mkewe akajielekezea kidole, akaendelea kukaza fundo. Polepole, Mafuta akaelewa. Akakunjua mikono, akakunjua na uso. "Mke wangu! Si niliahidi nyumba? Nyumba si hiyo? Mama!" maana mama mkwe alikuwa anatoka na kiti. "Hongera, mama! Umeona mpango wangu ulivyotimia? Nilikuficha makusudi usije ukapata wasiwasi!"

Mama mkwe akaweka kiti chini, akakikalia.

"Mkwe, nimekaa wodini miaka thelathini na minne nawauliza watu kama wamemeza dawa. Wote wanasema wamemeza. Shirika lako la wastaafu nililijua kabla hujafika mwisho wa sentensi."

"Sasa mbona ulikwenda?"

"Watu walikuwa wamefiwa."

Mafuta alihisi aibu halisi, ile inayochoma masikio. Akamgeukia mkewe. "Na mimi?"

"Wewe baba watoto hupo," mkewe akasema. "Hupo tangu siku nyingi. Jioni unakaa hapa na mimi, lakini hupo. Mama alikuwa anarudi anatusimulia habari za watu mia mbili, na wewe hata mwanao wa kwanza hujui yuko darasa la ngapi."

Mafuta akafikiri. La tatu? La nne? Hakuthubutu kubahatisha.

"Nataka kubadilika," akasema. "Mama, nipe kazi. Yoyote."

Mama mkwe akahesabu siku kwa vidole. "Kesho saa moja asubuhi kuna msiba tawi la stendi. Maji ya kuteka, kuni za kupasua, masufuria makubwa. Unakaa mpaka watu waishe. Siku saba. Ukimaliza zote, utakuja kula kwetu, tuongee habari ya kuhamia."

"Nitakwenda."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Haki ya Mungu."

Mama mkwe akainuka, akamsogelea mkwewe mpaka kivuli chake kikamfunika, akatoa tochi ndogo mfukoni mwa sweta, akaiwasha.

"Fungua mdomo," akasema, "niangalie kama umemeza."