Habari za Herufi R na Mbuzi wa Wakwe

Nyamazeni, enyi mliokaa barazani, na nyinyi mliosimama mlangoni ingieni au tokeni, maana habari hii haitaki upepo! Wewe unayekoroga chai, koroga polepole. Wewe mwenye simu, izime. Huyo unayemsubiri si muhimu kama ninayetaka kumtaja. Nataka kusimulia vita. Si vile vikubwa vilivyokwisha mwaka wa themanini na sita. Vile vina wasimulizi wake, na kila mmoja anadai alikuwa mstari wa mbele. Hivi ni vita vya Jumamosi moja, baina ya saa tano na saa nane mchana, katika nyumba za askari zilizo juu kidogo ya soko la Kamwokya, na silaha zake zilikuwa mkasi, bakuli la uji, na kalenda iliyopitwa na wakati.

Shujaa wa habari hii ni Nabintu, binti wa Bukavu, mwenye vidole vyepesi, mkunja karatasi, bingwa wa mkasi mdogo, asiyetupa hata ganda la peremende. Kazi iliyomlisha ilikuwa kusuka nywele. Kazi iliyomfurahisha ilikuwa kukata herufi. Alizikata kwa karatasi za zawadi, kwa majalada ya madaftari, kwa mifuko ya unga, na kwa migongo ya mabango ya uchaguzi, kwa kuwa wagombea walitabasamu upande mmoja tu, na upande wa pili ulibaki mweupe, safi, hauna ahadi. Chumba chake kilijaa maneno mpaka darini: POLEPOLE nyuma ya mlango kwa herufi za manjano zilizochongwa kingo kama magamba ya samaki, KESHO juu ya kitanda, na juu ya kopo la chumvi, CHUMVI, ingawa kila mtu aliona kuwa ni chumvi. Waliokuja kusukwa walisoma, wakacheka, wakaondoka na moyo mwepesi kuliko waliokuja nao.

Lakini miaka mitatu ilipita Kamwokya na hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa "yule Mkongo." Aliyemjua sana alimwita "yule Mkongo wa makaratasi." Na jambo hilo lilimuuma, nasema wazi, lilimuuma kuliko kidole kilichochanwa na ukingo wa karatasi, na wanaojua karatasi wanajua hayo si maumivu ya mchezo.

Ikawa basi kwamba Atim, binti wa Afande Ojara, sajini mstaafu wa polisi, alipata mchumba, na wakwe watarajiwa wakatuma salamu kwamba watakuja kutoka Kasubi kujitambulisha rasmi, Jumamosi saa nane. Atim, ambaye kichwa chake kilikuwa kimepita mikononi mwa Nabintu mara nyingi, akataka ukuta wa baraza uandikwe kwa zile herufi za karatasi. Lakini uandikwe kwa lugha gani? Mama mtu alitaka Kiacholi. Wakwe walikuwa watu wa Luganda. Afande Ojara akakata shauri kwa sauti ya gwaride: "Kiswahili! Hapo kila mtu anapata hasara sawasawa." Yakachaguliwa maneno mawili, herufi kumi na tatu: KARIBUNI WAKWE.

Ndipo akainuka Goretti, dada yake Ojara, mlinzi wa desturi, mwenye bango. Bango lake lilikuwa la plastiki, limechapwa mjini miaka sita nyuma mwanawe alipohitimu, na tangu hapo halikukosa sherehe hata moja. Jina la mhitimu lilizibwa kwa utepe, juu ya utepe likaandikwa jina la mtoto wa ubatizo, juu yake jina la bibi harusi fulani, juu yake jina la marehemu, hata pale katikati pakavimba kama mto wa kulalia.

"Banange, ndugu zangu!" akanena Goretti, mkono mmoja kiunoni. "Karatasi ni kitu cha kufungia karanga! Wakwe wanatoka Kasubi, kilima walikolala wafalme, halafu nyinyi mnawapokea na mabaki ya peremende? Bango langu limeona mvua, limeona jua, limezika watu na kuozesha watu. Hilo la yule Mkongo litaona nini? Litaona upepo mmoja tu, kwisha!"

Nabintu naye akasimama, akafunga kitenge vizuri, akajibu: "Mama Goretti, bango lako minaliheshimu, maana limebeba majina mengi kuliko rejista ya parokia. Lakini Atim ni mtu mmoja. Anaomba maneno ambayo hayajavaliwa na mwingine."

Ojara akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu: "Wakwe wakikanyaga hapa, kama maneno yote iko kwa ukuta, karatasi imeshinda. Kama herufi hata moja imekosa, bango inapanda. Na aliyeshindwa asitusumbue tena na ufundi yake katika hii kambi." Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa.

Sasa sikilizeni siri ya kazi. Nabintu hakuchora herufi, alizikunja. Ukikunja karatasi kwa urefu, ukakata nusu tu, ukakunjua, unapata A, U, W, pande zote sawa kama mbawa. Ukikunja kwa upana, unapata K, B na E. Lakini wako wakaidi wawili, N na R, wasiokubali kukunjwa. N unaweza kumdanganya kwa rula. R hadanganyiki. Ana tumbo juu na mguu chini, na shingo nyembamba vinapokutana. Hukatwa wima, kwa mkono huru, kwa pumzi moja, na akiharibika ameharibika. R ya siku ile ilitoka kwenye kipande cha mwisho cha karatasi ya zawadi ya kijani na dhahabu, na Nabintu alipomaliza kuikata alikaa chini akanywa maji.

Saa tano herufi zote kumi na tatu zilikuwa ukutani, zinawaka rangi hata askari wa zamu wakapunguza mwendo. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, kama alivyofundishwa na mama yake, na ndani yake chumvi mkono mzima, kwa sababu Bukavu adui wa karatasi ni mende, na mende, alisema mama yake, hapendi chumvi.

Ole wako, binti wa Bukavu! Ulijihami dhidi ya mende, ukamsahau mbuzi!

Kwa maana mbuzi wa wakwe alikuwa ametangulia asubuhi, amepakiwa kwenye gari ndogo, maana kwenye basi dogo la wageni shangazi zao walikuwa wamejaza viti vyote. Dume jeupe, lenye ndevu za hakimu. Nabintu alitaka afungwe nyuma ya nyumba. Ojara akakataa katakata: "Mbuzi hii imetoka kwa wakwe. Mpaka mimi nipokee kwa mkono yangu, hii si nyama, hii ni mgeni. Mtu asipige, asifukuze, asifunge kamba." Na neno la Ojara katika ua ule lilikuwa sheria, hata kuku walilijua.

Mgeni huyo akazunguka ua, akasalimia masufuria, akanusa hewa. Harufu ya chumvi ikamfikia. Akapanda kwenye kiti cha plastiki kilichotengwa kwa msemaji wa wakwe, akasimama kwa miguu miwili, akairamba KARIBUNI yote kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na alipofika penye R, akaona amefika nyumbani. Akaimenya ukutani kwa ulimi, taratibu, bila haraka, akaitafuna huku akimtazama Nabintu machoni.

"Mungu wangu!" Nabintu akapiga kelele, akainua ufagio. "Ni mgeni!" wakamkemea watu kumi kwa sauti moja. Ufagio ukashuka. Ncha ya dhahabu ikapotea katikati ya zile ndevu.

Goretti alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaenda kukunjua bango lake, akaanza kutafuta utepe.

Saa saba kasoro robo. Nabintu akajifungia jikoni na Atim, na pale shujaa wetu akalia, nami sitamficha, alilia machozi ya kweli. "Dada, karatasi imekwisha. Iliyobaki ni ya madaftari, mvuke tu unaichana. Kesho nitakuwa yule Mkongo aliyeshindwa na mbuzi. Jina hilo nitazikwa nalo."

Atim akainuka. Akaingia sebuleni, akarudi na kalenda.

Enyi msikiao, hiyo haikuwa kalenda ya kuhesabia siku! Ilikuwa kalenda ya mwaka wa tisini na tisa, nene, inang'aa, ya buluu pembeni, na katikati picha ya kikosi kizima, watu sitini na wawili katika sare. Ojara alikuwa mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, kichwa kama punje ya mtama. Kwa miaka kumi na minne hakuruhusu hata vumbi liiguse.

"Kata," akasema Atim.

"Baba yako ataniua!"

"Mimi leo naposwa. Akianza kugomba, nitahamia Kasubi. Kata!"

Nabintu akaitandaza juu ya ubao wa kukatia sukuma wiki. Akatafuta kichwa kile kidogo, akakiona, akakiwekea kidole. Na hapo akajiapiza kiapo kikubwa: wengine wote katika kikosi wakubali yatakayowapata, lakini mzee huyu mkasi hautamgusa hata kifungo. Kwa hiyo ilimbidi aiandae R nzima kumzunguka mtu mmoja. Tumbo likimpitia, ataanguka na kile kitundu cha katikati. Mguu ukimpitia, atakatwa bega. Palikuwa na mahali pamoja tu, pale shingoni, panapokutana tumbo na mguu, upana wa kucha mbili. Akavuta pumzi. Mkasi ukaingia katika safu za polisi. Kofia zikaanguka kushoto na kulia, mabega yenye nyota yakateremka sakafuni, mkuu wa kikosi mwenyewe, aliyekaa mbele katikati na fimbo yake, akapitiwa na ukingo akabaki sikio tu. Nabintu akazunguka shingo, akapita, akatoka upande wa pili, ndipo akapumua. Mzee alikuwa mzima, anatazama mbele.

Ikabaki gundi. Uji ulikuwepo, na wa chumvi vilevile. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nabintu akateremsha rafuni chupa yake ya pilipili, ile ya kwao, ambayo wageni huionja mara moja maishani, akaimimina yote.

Alipokuwa akibandika, basi dogo lilishapiga honi langoni. Goretti alikuwa juu ya stuli, amekwishapigilia msumari wa kwanza wa bango. Na mbuzi, aliyepata ladha, alikuwa amekwisharudi kitini. Wanawake wakashika vinywa. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Sheria ni sheria. Mbuzi akainuka kwa miguu miwili, akatoa ulimi wake mrefu, akairamba R mpya toka mguuni hadi tumboni.

Akatulia. Akafikiri. Ndevu zikatetemeka. Kisha akapiga chafya iliyotikisa kiti, akashuka, akakimbia kuwapita wakwe waliokuwa wakiingia kwa mstari na kanzu zao, akazamisha kichwa chote ndani ya beseni la maji ya kunawa. Hakupigwa. Hakufukuzwa. Aliondoka kwa hiari yake.

"KARIBUNI WAKWE," akasoma Safinah, shangazi wa bwana harusi, kwa sauti, kidole kikifuata kila herufi. Kisha akasogea karibu. "Eh! Kwenye hii kuna mtu!"

Ojara akaja. Akavaa miwani. Akatazama ukuta, akageuka akatazama sebuleni, penye msumari mtupu, akarudi ukutani. Nabintu alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji.

"Mkuu wa kikosi," Ojara akasema polepole, "amebaki sikio."

Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akajifuta macho, na hakujifuta kwa sababu ya kicheko peke yake. Akawageukia wageni.

"Wakwe wangu! Mimi niliingia polisi mwaka ya themanini na saba. Miaka ishirini na sita nilisimama mstari ya nyuma. Wakubwa walikuja, wakubwa wakaenda, mimi nabaki ile ya nyuma. Leo mtu amenitoa huko, ameniweka mbele ya nyumba yangu, na hao wakubwa wote amewapunguza. Nataka mumjue. Anaitwa nani?"

"Si ni yule Mkongo," akasema Goretti kutoka juu ya stuli.

"Sikuuliza ametoka wapi. Nimeuliza anaitwa nani."

Watu wakatazamana. Miaka mitatu, mabibi na mabwana, na ukimtoa Atim hakuna aliyejua! Atim akafungua mdomo, lakini kutoka nyuma ya pipa sauti ikamtangulia.

"Nabintu."

Ojara akabana visigino, akanyoosha mgongo kama siku za gwaride, akaita kwa sauti iliyofika mpaka sokoni: "Nabintu!"

"Niko!" akajibu shujaa, akatoka, mikono yote miwili ina uji.

Bango likashushwa. Mbuzi akapokelewa kwa mkono wa Ojara kama ilivyopasa, na dakika ileile ukomo wa ugeni wake ukafika. Jioni hiyo kila aliyekula mchuzi alipata sehemu yake ya ile R ya kwanza. Wengine walisema nyama ilikuwa na pilipili kidogo.

Na iandikwe, ili wajao wasije wakabisha: katika Jumamosi ile, Kamwokya, karatasi ilisimama na plastiki ikakunjwa. Goretti mwenyewe aliibeba kwapani ile plastiki, akafika mpaka penye jiko alipokuwa Nabintu, akatazama moto.

"Nabintu," akasema, kama mtu anayeonja chakula cha nyumba nyingine. "Jina langu pia lina R. Ukinikatia, usitie chumvi."