Siku Lovre Alipopiga Goti

Sogeeni, enyi wenye magoti mazima, nanyi mnaoyabembeleza kwenye kila ngazi, mpate habari ya Lovre mwana wa Mate, simba wa Mtaa wa Chini, mwenye goti la chuma alilowekewa na daktari, aliyeingia vitani kwenye uwanja wa kurusha matufe nyuma ya kanisa, Jumapili moja baada ya misa, kisiwa kizima kikishuhudia.

Tufe lake na tufe la Jerko, hasimu wake tangu utotoni, yalilala ubavuni mwa kijitufe cha shabaha, moja huku na moja huku, na jicho la binadamu halikuweza kuamua lililo karibu zaidi. Ilibidi mtu apige goti apime kwa unyasi. Mashujaa wakatazamana, kisha wakatazama mawingu. Kwani jeshi lote lilikuwa la wazee, na aendaye chini huko hana hakika ya kurudi.

"Jerko, si wewe mwenye magoti uliyozaliwa nayo?" akauliza Lovre.

"Ninayo, ila leo yamegoma. Inama wewe, mzee wa bawaba. Au limeshika kutu?"

Wakacheka. Lovre hakucheka. Miaka kumi na miwili goti lile lilimpeleka kwenye mizeituni na kumrudisha bila maumivu, lakini kulikandamiza chini hakuthubutu kamwe. Hata kanisani alisimama wima kama mshumaa. Daktari alikwisha kumwambia halitavunjika. Mwoga hakuwa goti.

Akalitandika koti lake. Akashuka taratibu, kama jemadari ashukaye farasi mbele ya adui, mkono mmoja ardhini, hata goti likagusa. Halikuuma. Lilikuwa na ganzi tu, kana kwamba ameliazima kwa jirani. Akapima, akapima tena.

"La Jerko," akatangaza, "kwa unene wa ukucha."

Kisha akaikataa mikono yote iliyonyooshwa, akatanguliza mguu mmoja, akaguna, akainuka. Uwanja ukamshangilia aliyeshindwa. Mshindi hakutazamwa na mtu.

Baadaye Jerko, aliyewakimbia madaktari miaka nenda miaka rudi, akachechemea hadi benchi alilokalia Lovre, akammiminia divai.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "huyo daktari wako, bado anapasua?"

"Anapasua. Nitakupeleka mwenyewe."

Basi na iandikwe katika vinywa vya kisiwa: siku ile Lovre alishindwa mchezo, na Jerko akasalimu amri.